Bonde la Msimbazi: haki ya mto na haki ya aliyejenga kando yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu msomaji, ni nyumba chache hapa Unguja na Pemba ambazo hazina mtu Dar es Salaam. Mmoja ana shangazi Magomeni, mwengine ana kaka aliyepanga Kigogo, mwengine marehemu baba yake alijenga vyumba sita Jangwani tangu miaka ya nyuma. Kila masika, ikisikika tu kuwa barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji, simu zinaanza kulia: mmelala wapi, watoto wako salama, vitu mmeviokoa?

Kwa sababu hiyo habari ya Bonde la Msimbazi ni habari yetu pia. Ndani yake yamo mambo mawili ambayo watu wengi huyatenganisha. La kwanza ni kuuhifadhi mto na ardhi yake. La pili ni haki ya raia kutovunjiwa nyumba bila ya kusikilizwa. Wapo wanaosema mto kwanza, watu baadaye. Wapo wanaosema mnyonge aachwe alipo, mto utajijua wenyewe. Tutajaribu kuonesha kuwa kauli zote mbili zina kasoro, kwa sheria za nchi na kwa fiqhi yetu pia.

Mambo yalivyokwenda

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Jangwani, Kigogo, Mkwajuni na Hananasif ni sehemu za bonde lake la chini, ambako maji hutanuka yakikosa njia. Kila taka inayotupwa juu, na kila mti unaokatwa vilimani, matokeo yake huonekana huko chini.

Mwezi wa Disemba 2011 ilinyesha mvua kubwa isiyo ya kawaida. Watu zaidi ya 40 walifariki jijini, na maelfu walikosa pa kulala. Serikali ikawahamishia mamia ya kaya Mabwepande, nje ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni baada ya muda. Sababu haikuwa ugumu wa vichwa. Mtu anayeuza samaki Kariakoo au kufua nguo za watu Upanga hawezi kuishi mbali na riziki yake huku nauli inakula nusu ya alichokipata.

Disemba 2015 likaja jambo la pili. Nyumba ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha matingatinga yakaingia bondeni. Hoja ya serikali ilikuwa ya kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari au ziwa. Waliobomolewa hawakupewa fidia, kwani walihesabiwa kuwa wamejenga pasiporuhusiwa. Wapo waliokwenda mahakamani, na Januari 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, ikatoa amri ya muda kuzuia ubomoaji wa nyumba za mamia ya walalamikaji.

Jambo la tatu ndilo la miaka hii. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania nazo zimo. Mpango ni kuupanua mto, kuinua kingo, kujenga daraja jipya Jangwani, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji ambayo maji yakijaa hayaui mtu. Safari hii nyumba zilithaminiwa kwanza, majina yakaandikwa, na wenye majengo wakalipwa hata wasiokuwa na hati ya ardhi, kwa kuwa masharti ya mkopo huo yanataka hivyo. Baada ya malipo ndipo nyumba zikavunjwa.

Tuangalie vizuri hapa. Mto ni ule ule, mita 60 ni zile zile, na watu ni wale wale. Lakini mwaka 2015 mtu alipewa alama ya X, na baadaye akapewa fomu ya uthamini na nafasi ya kulalamika. Kwa hivyo hoja kwamba hakuna njia ya kuuhifadhi mto ila kwa kuwatupa watu barabarani imeshakanushwa na serikali yenyewe kwa vitendo.

Sheria inasema nini juu ya raia

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na inakataza kunyang'anywa bila ya fidia inayostahili. Ibara ya 13 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Ibara ya 16 inalinda maskani yake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda mali ya mtu.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua ardhi ya hatari, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto imetajwa humo. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka utaratibu wa kuitangaza ardhi kuwa ya hatari: kutoa taarifa, kuwaarifu wanaoishi hapo, na kupokea maoni yao. Kwa maana hiyo sheria haikumpa mtendaji kopo la rangi na kumwambia aende atakako.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyo hiyo. Mvua za 2024 ziliua watu zaidi ya 200 nchini humo, na mwanzoni mwa mwezi wa Mei serikali iliwapa saa 24 wakaazi wa kando ya mito waondoke. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru huku watu bado wanatafuta maiti wao na vyombo vyao. Sheria ya Ardhi ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumuondoa mtu hata kwenye ardhi ya umma. Na Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Mitu-Bell, ilieleza kuwa waliokaa kwenye ardhi ya umma bila ya hati wanaweza kuwa na haki ya makazi ambayo dola haiwezi kuipuuza, ingawa hawaimiliki ardhi yenyewe.

Ni kweli kuwa maji yakiwa mlangoni hakuna wa kusubiri miezi mitatu. Kuokoa roho ni wajibu na kunatangulia. Lakini kumtoa mtu kwenye hatari usiku na kuivunja nyumba yake asubuhi ni mambo mawili mbali mbali. La kwanza ni la dharura, na la pili linaweza kungoja kikao, hesabu na mahakama.

Fiqhi inasema nini juu ya mto

Wengi wetu tunadhani kuwa mambo ya mita 60 yameletwa na wazungu wa mazingira. Si hivyo. Wanazuoni wetu walizungumza kwa karne nyingi juu ya harimu ya mto, yaani eneo la ukingoni ambalo mto unalihitaji ili watu wote wanufaike nao: pa kupita, pa kuteka maji, pa kuweka udongo unaozolewa mto unapochimbwa. Eneo hilo si ardhi mfu ambayo mtu akiifufua inakuwa yake. Ni haki ya umma.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Ibn Hajar al-Haytami ameeleza katika Tuhfa kuwa kujenga kwenye harimu ya mto ni haramu, hata kama kinachojengwa ni msikiti, na kilichojengwa hapo huvunjwa. Na Imam as-Suyuti aliandika risala maalumu kuhusu waliokuwa wakijenga kwenye ukingo wa Nile huko Rawda, Misri, na akawapinga. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dini haina neno juu ya mabonde. Aliyejenga kwenye njia ya maji anamdhuru jirani yake wa juu na wa chini, na kaida kubwa ya fiqhi ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mtume (S.A.W.) pia ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na ametuonya vikali juu ya anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma.

Lakini hukumu ya kuwa jengo livunjwe haina maana kuwa kila mtu anaweza kulivunja vyovyote vile. Hapa tunarejea kwenye kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.) na Sayyidna Abbas (R.A.). Umar alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume kwa sababu watu wameongezeka, na nyumba ya Abbas ilikuwa njiani. Abbas akakataa kuitoa. Umar, naye ni Khalifa, hakutuma watu na mashoka. Walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b (R.A.) awahukumu, na Ubayy akahukumu kuwa Abbas hawezi kulazimishwa. Umar akakubali. Baada ya kuwa haki imethibiti, Abbas mwenyewe akaitoa nyumba hiyo sadaka kwa Waislamu.

Zingatia kuwa nyumba ya Abbas ilikuwa milki yake halali, tofauti na aliyejenga kwenye harimu ya mto. Hatusemi kuwa hali hizi mbili ni sawa. Tunachokichukua ni utaratibu: mtawala mwenye haja ya kweli, tena haja ya msikiti, alisimama mbele ya muamuzi sawa na raia wake. Ikiwa Umar alisubiri hukumu, mtendaji wa leo hana sababu ya kuikimbia.

Sheria moja kwa wote

Jambo linaloumiza nyoyo za watu wa bondeni ni kuona sheria haimuangalii kila mtu kwa jicho moja. Wakati mnyonge anaambiwa Jangwani ni mkondo wa maji, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapo hapo Jangwani, na mabasi yakazama mvua zilipokuja. Mradi ulikuwa wa serikali, na vibali vilikuwa vya serikali. Pia hoja ya wakaazi imesikika mara nyingi: tuliwekewa umeme, tukavutiwa maji, tukatozwa kodi, na mwenyekiti wa mtaa akatia saini karatasi za mauziano. Leo vipi tumekuwa wavamizi?

Nairobi nako, mwezi wa Agosti 2018, yalivunjwa majengo ya matajiri yaliyokuwa kando ya mito, likiwemo la Ukay huko Westlands na South End Mall huko Lang'ata. Wengi walifurahi kuwa sheria imepanda ghorofani. Lakini zoezi lile halikufika mbali, na mwaka 2024 tingatinga lilikwenda zaidi kwenye mabati ya Mathare.

Mtume (S.A.W.) alitueleza kuwa walioangamia kabla yetu walikuwa wakimwacha mtukufu akikosa, na mnyonge akikosa wanamsimamishia hukumu. Kiongozi wa mtaa au halmashauri anayetaka watu waamini kuwa analinda mto, na aanze kwa aliyejenga kwa kibali cha rushwa na kwa idara yake mwenyewe. Na aliyetia saini mauziano ya kiwanja anachojua kuwa ni cha maji, na akachukua asilimia yake, ana dhima mbele ya Allah hata kama ameshastaafu.

Masuala yanayotufikia sisi visiwani

Malipo ya fidia yamezua mambo ndani ya familia, na mengine yamefika hadi kwa makadhi. Tunayataja yaliyo mashuhuri.

Kwanza, nyumba ya marehemu. Nyumba nyingi za bondeni ziliandikwa jina la baba aliyekwishafariki, na ndugu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiishi hapo. Mthamini akija, anaandikwa yule aliyepo, na fedha zinaingia kwenye akaunti yake. Ijulikane kuwa fidia ni badala ya mali. Ikiwa nyumba ilikuwa tirka, na fidia nayo ni tirka. Baada ya deni na wasia inagaiwa kwa faraidhi. Tuchukue mfano: marehemu ameacha mke, watoto wawili wanaume na mmoja mwanamke, na fidia ni Shilingi milioni 40. Mke ana thumni, yaani milioni 5. Zinabaki milioni 35, kila mwanamume apate 14 na mwanamke apate 7. Dada aliyeolewa Wete hakupoteza haki yake kwa kuwa hakuwahi kulala katika nyumba hiyo. Anayezila fedha hizo peke yake anakula mali ya nduguze kwa batili, na akiwemo yatima miongoni mwao basi jambo ni zito zaidi. Ikiwa ndugu aliyekuwepo aliongeza vyumba kwa fedha zake na ana ushahidi, thamani ya alichokiongeza ni yake, kisha kilichobaki ndicho cha wote.

Pili, mpangaji. Mtu amelipa kodi ya miezi sita mbele, na nyumba imevunjwa baada ya miwili. Mwenye nyumba anawajibika kumrejeshea kodi ya miezi minne, kwa sababu manufaa aliyoyalipia hayapo tena. Kusema "hata mimi nimevunjiwa" hakufuti deni, khasa ikiwa mwenye nyumba amelipwa fidia na mpangaji hakupata kitu.

Tatu, muuzaji. Mwenye kujua kuwa kiwanja kimo katika mkondo wa maji au kimeshawekwa X, kisha akakiuza kwa mtu wa Pemba asiyeijua Dar es Salaam bila ya kumwambia, ameficha aibu ya bidhaa. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kudai fedha zake.

Nne, wakfu. Msikiti au chuo cha Qur'ani kilichovunjwa na kulipiwa, fedha zake si za imamu wala si za kamati kugawana. Zinunuliwe badala yake, kwa madhumuni yale yale ya aliyeweka wakfu. Majina ya wasimamizi na kiasi kilicholipwa yabandikwe waumini wayaone.

Tano, wapo wanaouliza kama ni halali kupokea fidia ikiwa nyumba ilikuwa kwenye harimu ya mto. Serikali imelipa kwa ridhaa yake thamani ya jengo, yaani mbao, matofali na nguvu za mtu. Hatuoni kizuizi kwa aliyesema kweli mbele ya mthamini. Ambaye aliongeza vyumba vya uongo kwenye fomu, hicho alichokizidisha si chake.

La kufanya

Mvua hazitatungojea sisi, na hapa visiwani tuna mabonde yetu. Waliokaa Sebleni na Mwanakwerekwe wanayajua maji yanavyosimama masika. Viwanja vinaendelea kukatwa kwenye njia za maji, na vinauzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo tunanasihi haya.

Kabla ya kununua, nenda ukaulize kwa sheha na ofisi ya ardhi, kisha waulize wazee maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa. Mzee wa mtaa hukumbuka kile ambacho ramani haikuchora.

Ukiwekewa alama, usikae kimya wala usipigane na askari. Dai barua yenye jina la ofisi, tarehe na kifungu cha sheria. Weka picha za nyumba, risiti za umeme na karatasi za mauziano. Nendeni kwa wingi kwenye mkutano wa mtaa au shehia, na muhtasari uandikwe. Waliozuia ubomoaji mwaka 2016 walikwenda mahakamani wakiwa pamoja.

Aliyekwishalipwa fidia asirudi bondeni kujenga upya kwa kificho. Huyo ameivunja ahadi, na anawaharibia wenzake ambao bado hawajalipwa.

Na viongozi wetu wa mabaraza na manispaa, wa bara na visiwani, tunawaambia kwa adabu: uhifadhini mto, hiyo ni amana. Lakini taarifa itangulie, kusikilizwa kutangulie, malipo yatangulie, ndipo lije tingatinga. Mkianza na tingatinga mtapata bonde tupu kwa mwaka mmoja tu, kisha watu watarudi usiku, kwa kuwa hamkuwaachia pa kwenda.

Tunamuomba Allah awarehemu waliochukuliwa na maji, awape badala iliyo bora waliopoteza nyumba zao, na aziunganishe familia zilizogombana kwa ajili ya fidia. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.